Kuipiga Picha Familia Shambani mwa Maua Bila Kuyakanyaga

Familia nyingi ninazozipiga picha katika majira ya machipuko hufika shambani zikiamini kwamba maua hayataonekana mengi mpaka waingie katikati yake, ilhali picha iliyojaa maua hutegemea zaidi mahali iliposimama kamera.

Mtu aliyesimama wima hulitazama shamba kutoka juu, hivyo huona udongo ulio kati ya mashina. Ninapochuchumaa hadi kamera ikalingana na vichwa vya maua, mistari ya mbele huziba mianya ya nyuma, na shamba lililochanua nusu tu huonekana kama zulia. Hapo hurudi nyuma na kutumia lenzi ya milimita 85 hadi 135. Husemwa kwamba lenzi ndefu kama hiyo hubana mandhari, yaani huyafanya ya nyuma yaonekane karibu na ya mbele. Kwa kweli kinachobana ni umbali, na lenzi hukata tu kipande tunachokitaka. Familia basi hubaki kwenye njia, nami huwalenga kimshazari kupitia kona ya shamba, wakawa na maua mbele na nyuma yao.

Kuhusu mwanga, ushauri wa kungoja dakika za mwisho kabla ya jua kuzama haufai kila ua. Tulipu hufunguka kwa joto na kujifunga hewa inapopoa, na mipopi ya California, maua ya mwituni ya rangi ya machungwa, hujifunga jioni na hata siku za mawingu mazito. Atakayechelewa atapata mwanga wa dhahabu juu ya maua yaliyolala. Kwa maua ya aina hiyo hupenda kuanza saa mbili kabla ya machweo, jua likiwa nyuma ya familia, hata kama nitalazimika kuziongezea nyuso mwanga kwa kiakisi, yaani kibao kinachorudisha mwanga.

Rangi nyekundu nayo ina hila yake. Kamera hukadiria mwanga wa picha nzima, na petali nyekundu zikapoteza mishipa yake na kuwa doa tupu ilhali kipimo kinaonyesha kwamba mambo ni sawa. Ndiyo maana hukagua histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga) ya kila rangi peke yake na mara nyingi hupunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Maua ya manjano, yakipigwa na jua, hurusha rangi yake chini ya kidevu, na nguo nyeupe huionyesha kuliko nguo nyingine yoyote.

Kwa mtoto mmoja anayekimbia hutumia f/4, yaani kipimo cha uwazi wa tundu la lenzi, na kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi. Kwa watu wanne wasiosimama mstari mmoja hupunguza tundu hadi f/5.6 ili eneo linaloonekana kwa ukali liwe na kina zaidi, vinginevyo babu aliye nyuma atatoka ukungu. Huwaomba watembee wakizungumza, na huwasihi wazazi waache kuwaamuru watoto watabasamu, kwa kuwa amri hiyo haijawahi kunipa hata picha moja ninayoipenda.

Kukanyaga kuna gharama halisi: ua la msimu mmoja likilazwa kabla ya kukomaza mbegu, halitaacha mrithi mahali hapo. Mnamo Machi 2019 mji wa Lake Elsinore, California, ulilazimika kufunga kwa muda njia ya kuelekea Walker Canyon kutokana na umati uliofuata mipopi. Kwa hiyo mtoto akiniomba aketi ndani ya maua, humketisha kwenye ukingo wa njia, nami hulala kifudifudi upande wa pili wa kona, lenzi ikichungulia kati ya mashina.