Je, wajua kwa nini tapeli wa WhatsApp anahitaji tarakimu sita kutoka kwako?

"Mambo dada, samahani, kuna namba zimeingia kwenye simu yako kwa makosa. Naomba unitumie haraka." Ujumbe umetoka kwa mwenzako wa kikoba, na picha yake aliyopiga siku ya Pasaka ipo palepale. Unazisoma, unamtumia. Dakika mbili baadaye WhatsApp imekutoa nje, na kabla jua halijazama shemeji yako wa Mwanza ameshatuma laki mbili akidhani anakuokoa wewe.

Watu husema akaunti "imedukuliwa". Neno hilo linampa tapeli sifa asizostahili.

WhatsApp ilipoanzishwa mwaka 2009 haikukutaka uwe na nywila. Kitambulisho chako ni namba ya simu. Ukiipakua kwenye simu mpya unaandika namba yako, inakuja SMS yenye tarakimu sita, unazijaza, umeingia. Mantiki yake ni kwamba aliyeipata SMS ndiye mwenye laini. Ila hakuna kinachomzuia mtu wa mbali kuandika namba yako kwenye simu yake. Na namba yako ataikosaje, wakati ipo kwenye kundi la kamati ya harusi, la wazazi wa darasa la tatu na kwenye tangazo la vitenge unavyouza? Tatizo lake ni moja tu: SMS inakuja kwako. Hapo amekwama mlangoni, na ndiyo maana anakuja na maneno matamu.

Siku hizi wapo wanaosema ni namba za kujiunga na kikao cha Zoom, au za kupokea zawadi. Hadithi hubadilika, tarakimu ni zilezile. Ajabu ni kwamba SMS yenyewe inakuonya usimpe mtu, lakini nani husoma hadi mwisho akiwa anapika?

Akishaingia, mazungumzo yako ya zamani hayaoni, kwa sababu yamehifadhiwa kwenye simu yako. Makundi yako, hata hivyo, yanamfuata, pamoja na namba za wanachama wote. Huo ndio mtaji. Anaandika kwenye kundi kwa jina lako: nina mgonjwa, laini yangu ya pesa ina shida, tuma kwenye namba hii. Kabla muamala haujakamilika jina la mpokeaji hutokea, na si lako, naye ameshaandaa jibu: "Hiyo ni ya wakala." Wakati huohuo anawaomba wengine tarakimu zao. Hata yule mwenzako wa kikoba aliyekuandikia asubuhi, akaunti yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Likikukuta, usianze kulia kwenye Facebook. Fungua WhatsApp, jisajili upya kwa namba yako, subiri SMS, jaza. Ukishajaza, yeye anatolewa. Huenda ukakuta ameweka namba ya siri yake, na usipoijua itakubidi usubiri siku 7 ndipo uingie, lakini hata yeye anakuwa nje. Siku hizo wapigie watu wako, uwapigie kwa sauti, maana ujumbe wa maandishi hakuna atakayeuamini tena. Tanzania, namba ya tapeli unairipoti kwa kuituma 15040. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma 333.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ile inayotumika kufungua WhatsApp kwenye kompyuta, inaweza kuunganishwa kwa msimbo wa herufi na tarakimu 8. Tapeli akikushawishi uuingize kwenye simu yako, hutatolewa nje wala hutahisi chochote. Atakuwa anasoma pamoja nawe. Pitia orodha hiyo mara mojamoja, na kifaa usichokitambua kiondoe.

Kufuli lenyewe lipo kwenye Mipangilio, upande wa Akaunti: uthibitishaji wa hatua mbili. Unachagua namba ya siri ya tarakimu sita unayoijua wewe pekee, tofauti na ile inayokuja kwa SMS, hivyo hata ukiteleza ukatoa ya SMS, mwizi anabaki nje. Weka na baruapepe ya kukuokoa ukiisahau. WhatsApp itakuwa inakuuliza namba hiyo kila baada ya muda ili usiisahau, na inakera kweli, hasa ikiuliza ukiwa umesimama kwenye daladala umeshika bomba kwa mkono mmoja.