Dhamana si faini: vijana waliochagua jela Rock Hill

Wiki hii nimelisikia tena dai lile lile, safari hii kwa kijana anayefanya mafunzo ya uwakili ofisini kwetu: wanafunzi weusi wa Marekani walikamatwa kwa kuvunja sheria ya ubaguzi, kisha wakakataa dhamana. Sentensi moja, makosa mawili, na nimechoka kuyasahihisha kwa mdomo.

Anza na hati ya mashtaka. Tarehe 31 Januari 1961, wanafunzi 9 wa Friendship Junior College na Thomas Gaither wa CORE, shirika la kupigania haki za weusi, waliingia duka la McCrory's mjini Rock Hill, South Carolina. Mtu mweusi aliweza kununua bidhaa mle ndani na fedha yake ikapokelewa vizuri tu. Mwiko ulikuwa kukalia kiti cha kaunta ya chakula. Wakakaa, wakaagiza, polisi wakawatoa. Kosa? Kuingia mali ya mtu isivyo halali. Rangi haikutajwa, na haikuachwa kwa bahati mbaya. Jimbo likishtaki kwa sheria ya ubaguzi, litalazimika kuitetea sheria hiyo mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Likishtaki kwa uvamizi, basi ni ugomvi wa mwenye duka na mteja asiyemtaka. Kwingineko waandamanaji kama hao waliitwa wavuruga amani, hata waliokuwa wamekaa kimya.

Sasa dhamana, ambayo ndiyo inayoniudhi hasa. Kaulimbiu yao ilikuwa "jela, si dhamana", na watu wameishika kaulimbiu wakaiacha kesi. Dhamana huja kabla ya hukumu, au rufaa inaposubiriwa, na fedha uliyoweka hurudi ukitimiza masharti. Hawa walihukumiwa kesho yake tu: faini ya dola 100 au siku 30 za kazi ngumu. Walichokataa ni faini, na faini hairudi. Ni fedha ya harakati kuingia katika hazina ya hao hao waliowakamata. Mmoja akatoka kwa kulipa. Waliobaki, 9, wakapelekwa kupakia mchanga kwa koleo, na kaunti ikabeba mzigo wa kuwalisha.

Kukataa huko kuna gharama isiyosemwa: ukimaliza kifungo bila rufaa, hatia inabaki kwenye jina lako. Wanaharakati waliosafiri kwa mabasi hadi Jackson, Mississippi, mwaka huo huo kupinga ubaguzi, wakakamatwa huko, walilijua hilo. Wengi walikaa gerezani siku 39, kisha wakatoka kwa dhamana, kwa sababu dirisha la rufaa lilifungwa siku ya 40. Hiyo ni hesabu ya watu waliosoma sheria wakiwa ndani ya seli. Desemba 1964 Mahakama ya Juu ilifuta kesi zilizokuwa bado kwenye rufaa, ikiwemo ya mtu aliyekamatwa kwenye kaunta hiyo hiyo ya McCrory's, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ilikuwa imeshapita. Vijana 9 hawakuwa na rufaa ya kufutwa.

Hapa natetereka. Wangekuwa wateja wangu, ningewashauri walipe na kukata rufaa, na huenda ningekosea, maana mfano wao ulisambaa: mwezi uliofuata wanafunzi 4 wa SNCC, kamati ya wanafunzi wa harakati hizo, Diane Nash akiwemo, walikwenda Rock Hill kufungwa pamoja nao. Lakini mbinu hiyo ya kujaza jela mpaka zielemewe haikufaulu kila mahali. Huko Albany, Georgia, mkuu wa polisi Laurie Pritchett aliwasambaza wafungwa kwenye jela za kaunti jirani, na za kwake hazikujaa. Siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba njia ile ilishinda daima.

Hatia za wale 9 zilidumu miaka 54. Zilifutwa tarehe 28 Januari 2015, na jaji aliyezifuta alikuwa mpwa wa aliyewahukumu. Upande wa utetezi alisimama Ernest Finney, mwenye miaka 83, wakili yule yule aliyewatetea mwaka 1961.