Mtoto mchanga anyonye mara ngapi? Mchunge zaidi anayelala usiku kucha

Mama mmoja wa Mbagala alikuja kliniki siku ya tano baada ya kujifungua, akisindikizwa na mama yake mzazi. Hawakuja kwa shida, walikuja tu mtoto aangaliwe kitovu. Bibi ndiye aliyempakata, kavikwa kofia ya sufu na soksi, kafunikwa kanga mbili juu ya blanketi, na joto la Februari la Dar es Salaam mnalijua.

"Huyu mjukuu wangu hana taabu, mwanangu," bibi akaniambia huku akimfunua. "Akilala saa nne usiku ndiyo mpaka adhana ya alfajiri. Hata ukimgusa haamki."

Nikamweka kwenye mizani. Alizaliwa na kilo 3.1, mizani ikasoma 2.75. Midomo ilikuwa mikavu, na pampasi aliyovalishwa alfajiri haikuwa na kitu ila doa dogo la rangi ya tofali la kuchoma. Mtoto wa siku tano hatakiwi kuwa na doa la namna hiyo. Maana yake mkojo ni mchache na mzito, yaani anachokunywa hakimtoshi.

Sisi wakunga wa kliniki ya mama na mtoto hakuna swali tunaloulizwa kama hili la "nesi, nimnyonyeshe mara ngapi?" Wanaouliza karibu wote ni wale ambao watoto wao wanalia. Mwenye mtoto anayelala haulizi, kwa sababu mtaa mzima unamwambia kabahatika.

Jibu la idadi ni fupi: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku umo ndani ya hizo 24. Hiyo ni kama kila baada ya saa mbili au tatu, na hapa ndipo hesabu inapowapiga chenga wengi. Muda huanza kuhesabiwa pale mtoto anapoanza kunyonya, si anapomaliza. Akishika titi saa mbili asubuhi akaliachia saa tatu kasorobo, basi kutaka tena saa nne na nusu ni sawa kabisa, si mlafi. Wala hanyonyi kwa kufuata saa ya ukutani. Anaweza kunyonya mara tatu ndani ya saa mbili, kisha akalala saa tatu mfululizo.

Sababu ni tumbo lenyewe. Siku ya kwanza mkupuo mmoja wa mtoto ni kama kijiko kimoja cha chai. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza ni mililita 45 hadi 60, robo ya kikombe au chini yake. Na maziwa ya mama husagika haraka, tumbo likawa tupu mapema. Ndiyo maana dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano ambayo mabibi wengine bado huyaita machafu, hutoka kidogo kidogo. Yametoka kidogo kwa sababu tumbo ni dogo, na uchache huo umejaa kinga. Mama anayekamua siku ya pili akaona matone akaamua "sina maziwa", kisha akatuma mtu duka la dawa kununua kopo, amelinganisha matone yake na tumbo la mtu mzima.

Usisubiri kilio. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kugeuza kichwa huku na huku, hufungua mdomo, hutoa ulimi, hupeleka ngumi mdomoni na kuilamba. Kilio ni hatua ya mwisho, na aliyekwisha kukasirika hupinda mgongo na kushindwa kulishika titi vizuri. Mtulize kwanza kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, ndipo umpe.

Sasa yule asiyelia. Mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo kwa kawaida hutimia kati ya siku ya 10 na ya 14, mtoto asiachwe apitishe muda wa zaidi ya masaa matatu wakati wa mchana au masaa manne wakati wa usiku bila kunyonya. Mwamshe. Najua mila inasema mtoto aliyelala haamshwi. Kwa mtoto wa miezi mitatu anayenenepa nakubaliana nayo; kwa wa siku tano sikubali. Mvue nguo abaki na nepi, mbadilishe, msugue nyayo na mgongo taratibu, mlaze kifuani. Kamua matone mawili matatu kwenye midomo yake. Akisinzia katikati ya kunyonya, minya titi polepole maziwa yamiminike, atashtuka aendelee. Na hizo kofia za sufu na blanketi ndani ya chumba cha Manzese kisicho na feni ni dawa ya usingizi. Nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe inamtosha.

Wa kuchunga kuliko wote ni mwenye manjano, yaani yule ambaye ngozi na macho yamegeuka rangi ya njano. Manjano humfanya mtoto azubae, akizubaa hanyonyi, asiponyonya hapati choo, na choo ndiyo njia ya kuitolea nje ile rangi. Kwa hiyo inarudi mwilini na kuzidi, naye anazubaa zaidi. Kumwotesha jua la asubuhi si badala ya kunyonya wala si badala ya kupimwa.

Usiku una kazi yake ya pekee. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku mama anaponyonyesha, kwa hiyo anayenyonyesha saa nane usiku anajitengenezea pia maziwa ya kesho mchana. Na titi likiachwa limejaa mpaka likawa gumu, mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki, unapunguza. Wengi wanaokuja wiki ya tatu wakilalamika maziwa yamekauka, ukiwahoji vizuri, unakuta usiku mtoto alikuwa akipewa chupa ili mama apumzike. Nia ilikuwa njema.

Kupumzika kwenyewe kuna namna. Mtoto alale chumba kimoja na mama, karibu, ndani ya chandarua. Usiwashe taa kubwa, usianze kumchezesha. Jifunze kunyonyesha ukiwa umelala ubavu. Mkunga akuonyeshe kabla hujatoka wodini. Ila usinyonyeshe umejilaza kwenye kochi sebuleni usiku, maana usingizi ukikupitia mtoto anaweza kuteleza akabanwa kwenye mito. Na baba aamke. Hana titi, lakini ana mikono ya kubadilisha nepi, kumcheulisha mtoto na kumletea mzazi maji ya kunywa au uji. Mama aliyekandwa, aliyekunywa mtori na supu siku nzima, lakini kila usiku anaamka peke yake kwa mambo yote, hafiki arobaini akiwa na nguvu.

Kuna wakati mmoja ambao unavunja nyumba nyingi moyo, nao ni jioni. Kuanzia kama saa moja mpaka saa nne usiku watoto wengi hutaka titi kila baada ya nusu saa. Wananyonya, wanaachia, wanalia, wanataka tena. Wageni wako sebuleni, kila mmoja ana lake. Mmoja anasema maziwa ni mepesi, mwingine anasema chango, jirani ana chupa ya dawa aliyompa wa kwake. Hali hii ni ya kawaida, na hurudi kwa nguvu pale mtoto anapokua kwa kasi, mara nyingi karibu na wiki ya pili au ya tatu na tena wiki ya sita. Mtoto anaongeza oda. Siku mbili tatu za kunyonya mfululizo huongeza maziwa mpaka yakatosha. Kila chupa ya kopo unayomwekea jioni hiyo ni oda iliyokwenda duka jingine.

Maji nayo, hata glukosi, hayana nafasi kwenye miezi sita ya kwanza. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, na hilo halibadiliki kwa sababu ya joto la Dar. Siku za joto mtoto atataka titi mara nyingi zaidi, basi mpe. Kijiko cha maji kinajaza tumbo la kijiko, halafu kinaweza kumletea kuhara. Hali nchini imekuwa ikiboreka: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta watoto 59 kati ya 100 walio chini ya miezi sita wakinyonya maziwa ya mama pekee, na ule wa 2022 ukakuta 64. Waliobaki wengi hawakuharibiwa na mama zao. Ni familia nzima iliyoogopa.

Muda wa kila titi msiuwekee dakika. Mwache amalize la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, kwa sababu maziwa ya mwishoni ndiyo yenye mafuta mengi, kisha mpe la pili. Akilikataa, utaanza nalo zamu ijayo.

Utajuaje anapata? Kwa kinachotoka. Siku ya kwanza angalau mkojo mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu, na kuanzia siku ya tano nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku. Choo kianze cheusi kama lami, kigeuke kijani, na kufikia siku ya nne au ya tano kiwe cha njano. Pampasi inaficha mkojo, kwa hiyo nawafundisha mama hivi: chukua pampasi mpya, mimina vijiko vitatu vya chakula vya maji, iweke mkononi. Uzito ule ndio wa pampasi iliyolowa. Au tumia nepi za kitambaa wiki hizi mbili, kitambaa hakidanganyi.

Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 au kabla ya wakati hafuati dalili za njaa, kwa sababu mara nyingi hana nguvu ya kuzionyesha. Huyo ni kila saa mbili hadi tatu bila kuruka, usiku na mchana, na kama hawezi kuvuta, maziwa yakamuliwe apewe kwa kikombe kidogo, huku akikaa kifuani kwa mtindo wa kangaruu. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake kila siku ananyonyesha kwa ratiba ileile, maziwa yake pekee kwa miezi sita, na mtoto apewe dawa za kinga kama alivyoelekezwa kliniki.

Usingoje asubuhi kama mtoto amekataa kabisa kunyonya, amelegea haamki hata kwa kuvuliwa nguo, anapata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, au manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo. Chukua bajaji, chukua bodaboda, nenda kituo cha afya usiku huohuo.

Yule wa Mbagala alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na hapo ndipo tunaposimamisha mambo mengine. Daktari alimpima joto, manjano na sukari, hakukuta ugonjwa. Nilipomtazama akinyonya nikaona tatizo: alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu, mdomo umefunga, na chuchu za mama zilishachubuka. Tukamweka upya, mdomo wazi, kidevu kimegusa titi. Tukakubaliana aamshwe kila saa mbili na nusu, na baada ya kunyonya mama akamue amwongezee kwa kikombe. Kopo halikununuliwa. Baada ya siku mbili mizani ilisoma 2.86.

Siku ya 14 ilisoma 3.15. Bibi hakuonekana kufurahi sana.

"Nesi, umemharibu mjukuu wangu. Usiku mzima anataka titi, hatulali."

Nikamuuliza jana walibadilisha pampasi ngapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, vikaisha, akahamia wa kushoto.