Kumbukumbu ya kazi: kwa nini namba ya simu inapotea kabla hujaiandika

Kumbukumbu ya kazi ni uwezo wa akili kushika jambo kwa sekunde chache huku ukilifanyia kitu: kulijumlisha, kulilinganisha, kuliandika. Mambo ya utotoni na masomo uliyomaliza yanakaa kwingine, kwenye kumbukumbu ya muda mrefu, ambayo ni pana mno. Hii ya kazi ni finyu. Mtu anayelalamika kwamba ana kichwa kibovu mara nyingi hajasahau chochote: jambo halikuingia, au liliingia likasukumwa na jingine.

Tazama mama anayeuza sokoni Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mteja anachukua kilo 2 za sukari, kila kilo faranga 3,500, na chupa ya mafuta ya faranga 4,500, kisha anatoa dola 5. Tuseme dola moja ni faranga 2,800. Muuzaji anapiga 5 mara 2,800, anapata 14,000. Hiyo anaishika kichwani huku akijumlisha 7,000 na 4,500. Anapata 11,500, anaitoa kwenye 14,000, chenji ni 2,500. Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila 14,000 inangoja bila kulindwa. Mwingine akiuliza hapo katikati, “Mama, maharagwe ngapi?”, jibu nalo ni namba, na namba mbili hugombania nafasi moja. Akirudi kwa mteja wa kwanza anaanza upya, au anakosea chenji. Kwa hiyo cha kuandika kwenye kikaratasi ni ile namba inayongoja. Ya mwisho inatoka mdomoni papo hapo.

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia Waingereza, walieleza kwamba kumbukumbu hii ina sehemu kadhaa. Moja inashika sauti, nyingine inashika picha na mahali vitu vilipo, na juu yao yupo kama msimamizi, anayegawa umakini. Ndiyo maana unaweza kushuka ngazi za mtaa unaoujua huku ukirudia namba moyoni, lakini huwezi kurudia namba huku ukisikiliza namba nyingine.

Sehemu ya sauti inabeba kiasi unachoweza kutamka kwa sekunde 2 hivi, na usipokirudia kinafifia. Basi urefu wa maneno una uzito. “Tisini na saba” ni silabi 6. Kwa Kifaransa, “nonante-sept” ni 3. Watu wa Bukavu wanaosomeana namba za simu kwa Kifaransa katikati ya mazungumzo ya Kiswahili wanaweza kudhaniwa wanajionesha, lakini wanapunguza mzigo.

Kuhusu idadi ya vitu vinavyoshikika kwa pamoja, mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 juu ya vitu 7, zaidi au pungufu kwa 2. Nelson Cowan, mwaka 2001, alishusha hadi 4 hivi, pale mtu anapozuiwa kurudiarudia au kuunganisha. Hicho “kitu” ni fungu, si lazima kiwe tarakimu moja. Namba ya simu ya Kongo ina tarakimu 10, ambazo moja moja hazishikiki. Lakini 099 au 081 unaijua tayari, hivyo ni fungu moja. Zinazobaki 7 zikate tatu, mbili, mbili: jumla mafungu 4. Anayekusomea asimame kidogo baada ya kila fungu, nawe urudie kwa sauti kabla ya linalofuata.

Ukikatizwa, kupotea ni kwa haraka ajabu. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi 3 tu, kisha wakawahesabisha kwa kurudi nyuma, tatu tatu. Baada ya sekunde 18, takriban jibu 1 tu kati ya 10 lilikuwa sahihi.

Umakini ndio mlango wa yote haya, na unapitisha machache. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonesha watu video na kuwaambia wahesabu pasi za mpira. Mtu aliyevaa kama sokwe akapita katikati ya wachezaji. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yalikuwa wazi. Mwanafunzi anayejibu ujumbe wa simu darasani yuko vivyo hivyo: anaruka kutoka jambo moja hadi jingine, na kila mruko unamla muda na sentensi ya mwalimu.

Kushika kwa dakika moja hakutoshi kwa mtihani. Kusoma daftari tena na tena kunakudanganya, kwa sababu maneno yanaonekana ya kawaida. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waligundua kwamba waliorudia kusoma waliwashinda wenzao dakika 5 baadaye, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliofunga maandishi na kujaribu kuyaandika kutoka kichwani. Basi funga daftari, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha palipokosewa tu, kisha urudie kesho yake.