Mchezo yatima si mchezo usio na mwenyewe

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kikundi chetu cha michezo ya ubao aliweka mezani boksi la viatu. Ndani mlikuwa na vizibo vya soda 108, kila kimoja kimeandikwa namba na herufi kwa makapeni. Kulikuwa na ubao aliotoa kopi ya rangi steshenari na kuupiga laminesheni, na vyeti vya hisa vya makampuni saba ya hoteli, 25 kwa kila kampuni. Juu ya mfuniko alibandika picha ya boksi la asili lenye jina kubwa: Acquire, mchezo wa kukuza hoteli na kumeza za wenzako. Bei, 35,000. Nikamuuliza kama ana ruhusa. Akajibu bila wasiwasi: "Kaka, huu ni mchezo yatima. Kampuni yake ilishakufa."

Hii ni mara ya tatu mwaka huu nalisikia neno hilo likitumiwa hivyo, na mara zote tatu msemaji alikuwa anataka kuuza kitu.

Maana yake ni fupi. Kazi yatima ni kazi ambayo hakimiliki yake bado iko hai, ila mwenye hakimiliki hajulikani, au anajulikana kwa jina tu na hapatikani hata baada ya kutafutwa kwa bidii. Basi. Hakuna mahali maana hiyo inapogusa kampuni kufungwa. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria ya kazi yatima mwaka 2012, uliwapa nafasi maktaba, makumbusho, hifadhi za nyaraka, shule na vyombo vya utangazaji vya umma, na ukawataka kwanza wamtafute mwenye kazi kwa dhati. Mwenye boksi la viatu hakuwa akilini mwao.

Kinachonikera zaidi ni lile neno lenyewe, kwa sababu ni letu na tunalijua vizuri.

Yatima tumelipata kwa Waarabu, na shina lake kwao linabeba maana ya kubaki peke yako. Ndiyo maana Waarabu wanaweza kusema lulu yatima na wasimaanishe lulu ya kuhurumiwa. Ni lulu isiyo na mwenzake duniani. Kwa mtoto, wanazuoni wa fiqhi wana mpaka mkali kuliko sisi: yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na akishabaleghe uyatima unakoma. Kwa mnyama ni kinyume, yatima ni aliyefiwa na mama, kwa kuwa mama ndiye anayemlisha. Kiswahili kimelegeza kamba. Kwetu aliyefiwa na mama ni yatima, na baba ni yatima, na wote wawili ni yatima zaidi. Lakini hata tulipolegeza, jambo moja hatukuligusa: yatima ana mali yake. Baba ameondoka, shamba limebaki, nalo ni la mtoto. Anawekewa mlezi wa kulitunza, na mlezi anahesabiwa kila kikonyo cha nazi. Surat An-Nisaa, aya ya 10, inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Ukitaka kumtukana mtu mtaani bila kumtukana mzazi wake, sema tu: "Huyo amekula mali ya yatima." Hata asiyeswali anaelewa.

Sasa tazama lilipofika neno hili. Katika lugha ambayo mali ya yatima ni mali ya mwisho kabisa kuguswa, tumefika mahali pa kusema "huu ni yatima" tukimaanisha "jichukulie." Waliotafsiri istilahi hii hawakukosea, walichagua neno sahihi kuliko walivyojua wenyewe. Tunaoitumia ndio tumeigeuza.

Hata hivyo, tuchukulie mchapishaji amekufa kweli. Je, mchezo wake ni yatima? Mara nyingi hapana, kwa sababu mchapishaji hakuwa baba. Baba ni mtunzi. Mchapishaji ni kama mpangaji: ana mkataba, analima, anavuna, analipa sehemu. Akiondoka, inategemea mkataba ulisemaje, na mikataba mingi inairudisha haki kwa mtunzi. Pale ambapo kampuni iliinunua haki moja kwa moja, haki hiyo ni mali ya kampuni kama lilivyo gari la kupelekea mizigo. Mfilisi anaikuta kwenye orodha, anaiuza, wadai wanalipwa. Kufilisika kwenyewe, kama hukuwahi kujua, kunatokana na fulusi, vile visarafu vya shaba: aliyefilisika ni yule ambaye dinari na dirhamu zimekwisha, zimebaki shaba tupu mfukoni. Lakini hakimiliki si shaba. Mara nyingi ndicho kitu cha thamani kilichobaki ndani ya jengo, na ndicho kinachopata mnunuzi kwanza.

Mfano mchungu ni SPI ya New York, iliyochapa michezo ya vita kwa mamia na kutoa jarida lenye mchezo ndani yake. Mwaka 1982 ilielemewa na madeni. TSR, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika, walikuwa wameikopesha; wakadai chao, wakaichukua. Michezo wakaimiliki. Wasomaji waliokwisha kulipia jarida, wengine kwa maisha yao yote, wakaambiwa hiyo haituhusu. Kwetu deni la marehemu hutangulia mirathi, na ndugu wanasimama kaburini kuuliza nani anamdai. Hapa mirathi ilichukuliwa na deni likaachwa kaburini. Nawahurumia wale wasomaji hadi leo. Lakini ona: hata katika vurugu hiyo hakuna mchezo uliolala nje. Na TSR nayo ilipoishiwa pumzi mwaka 1997 ikanunuliwa na Wizards of the Coast, ambao miaka miwili baadaye wakanunuliwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Samaki na samaki mkubwa.

Rudi kwenye boksi la viatu. Acquire aliutunga Sid Sackson wa New York na ulichapwa mara ya kwanza miaka ya 1960 na 3M. Ndiyo, 3M hiyo hiyo. Kijana wangu aliona nembo kwenye picha ya boksi la zamani, akaona kampuni haichapi michezo tena, akahitimisha imekufa. Kumbe steshenari ile ile alikotoa kopi, kaunta imejaa selotepu za Scotch na vile vijikaratasi vya njano vya Post-it, vyote vya 3M. Haikufa; ilichoka na michezo tu. Mwaka 1976 Avalon Hill ya Maryland iliichukua michezo ya 3M, ukiwemo huu. Mwaka 1998 Avalon Hill nayo ikauzwa kwa Hasbro kwa dola milioni 6, wafanyakazi wakaondoka, jina likabaki. Sackson mwenyewe alifariki 2002. Kwa hiyo "yatima" huyu alipitia walezi watatu huku baba yake yu hai, anakula chakula chake nyumbani. Na kwa kipimo cha sheria ya Tanzania, ambayo inahesabu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, maneno aliyoyaandika Sackson yana mwenyewe hadi mwisho wa 2052.

Wengine husema basi tuseme mchezo "umekufa." Nalo silipendi, kwa sababu boksi la mchezo halina kitu kimoja cha kufa. Lina jina, ambalo ni alama ya biashara. Lina maneno na picha, ambavyo ni hakimiliki. Na lina namna ya kucheza, ambayo hakimiliki haiishiki, maana hailindi wazo wala utaratibu. Labda hataza, yaani patenti ya uvumbuzi, nayo hudumu miaka 20 tu. Hivi vitatu vinaweza kuachana kama abiria wa basi, kila mmoja na kituo chake.

Walioachana kwa wazi kabisa ni wa mchezo wa Dune. Avalon Hill waliuchapa mwaka 1979, kazi ya Eberle, Kittredge na Olotka, watu wale wale waliotunga Cosmic Encounter. Ulipoacha kuchapwa, watu waliutafuta kwa tochi. Wachapishaji wengine, Fantasy Flight, walitaka kuurudisha na walikuwa na namna ya kucheza, ila jina na ulimwengu wake ni wa riwaya ya Frank Herbert, na ruhusa ya huko hawakuipata. Wakafanya nini? Wakatoa Rex, mwaka 2012. Ukijua Dune ukafungua Rex, unacheka peke yako. Jangwa limekuwa jiji. Ile dhoruba inayozunguka ubao ikifagia askari waliokaa wazi sasa ni kundi la meli za angani linalozunguka likidondosha mabomu. Mwili ule ule, kanzu nyingine. Ruhusa ya jina ilikuja kupatikana kwa wengine, na mwaka 2019 Gale Force Nine wakauchapa Dune wenyewe. Katika miaka yote hiyo 40, ni siku gani ungesema Dune umekufa? Na ni siku gani ungesema hauna mwenyewe? Shida yake ilikuwa kinyume: wenyewe walikuwa wengi mno.

HeroQuest ndio uliopoteza jina. Ulitoka 1989 kwa Milton Bradley na Games Workshop, ukaachwa, alama ya biashara ikalegea mikononi mwa wenyewe, na jina likaenda kwenye mchezo mwingine kabisa wa kuigiza wahusika. Hasbro walipoutaka tena ilibidi walipate jina upya kabla ya kuurudisha mwaka 2020. Jina lisilotumika linaweza kutoka mkononi. Maneno na picha hayatoki hivyo. Watu wanachanganya haya mawili kila siku.

Sasa, mchezo usio na mwenyewe upo, nao tunaujua tangu utotoni. Bao. Hakuna mchapishaji wa bao wa kufilisika, hakuna anayeweza kukudai kwa kuchonga mashimo 32 na kuokota kete 64 za komwe. Lakini hakuna mzee barazani atakayeliita bao yatima, na ukithubutu atakutazama kama umemwambia hana kwao. Bao lina jamaa wengi kuliko mchezo wowote ule wa kwenye boksi. Kwa kitu kama hicho neno ni mali ya umma, na umbali kati ya mali ya umma na mali ya yatima ni mkubwa sana, waulize waliowahi kuulizwa habari za shamba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na nakuambia kwa mapenzi: ule mchezo si yatima. Ukitaka kueleza kwa nini boksi lile la zamani hulioni madukani, sema toleo lile halichapishwi tena. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayamtii mtu dhambini.

Na nimekaa nikaichambua kazi yako upya. Vizibo ni vyako. Kanuni umeziandika wewe kwa Kiswahili chako, baada ya kucheza, hukutafsiri kijitabu cha mtu. Pale ulipoandika "hoteli ikifika vyumba 11 haimezwi tena" umeeleza vizuri kuliko Kiingereza nilichosoma mimi. Hoteli zako umeziita Ilala, Kariakoo, Kigamboni, ambazo hazimo kwenye mchezo wa asili. Cha watu ni kile kipande cha laminesheni na ile picha ya mfuniko. Chora ubao kwa rula, mistari tisa kwa kumi na miwili, bandua mfuniko, tafuta jina. Jumamosi njoo nao tena, na elfu thelathini na tano yangu ipo.