Frere Town si "Free Town"

Jumamosi nilikuwa kwenye matatu ya Mtwapa, nimekaa nyuma ya dereva, naenda kupokea wageni. Tulipovuka daraja la Nyali hapa Mombasa tukakaribia Kengeleni, penye kengele ya zamani ya Frere Town, baba mmoja akamwonyesha mwanawe kwa kidole. "Waiona ile kengele? Hapa ndipo Mwingereza alipowafungua watumwa minyororo. Ndiyo maana paitwa Free Town, mji wa watu huru." Mtoto akatikisa kichwa. Mimi nikauma ulimi, maana nauli nilikuwa nishalipa na Kengeleni saa mbili asubuhi si mahali pa kushushwa kwa ubishi.

Basi nabishia hapa. Nimetembeza watu mtaa huu miaka mingi, na hiyo "Free Town" nimeisikia kwa walimu, kwa wenye tuktuk na kwa wageni waliovuka bahari kuja kuniambia.

Frere ni jina la mtu. Sir Bartle Frere, gavana wa Bombay kati ya 1862 na 1867, alitumwa Unguja mapema 1873 kumbana Sultani Barghash aache biashara ya watumwa. Sultani hakukubali. Frere akaondoka, na balozi wa Kiingereza, John Kirk, ndiye aliyebaki kusukuma mpaka mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha Kanisa la Kiingereza), wakiongozwa na William Salter Price, wakapata shamba Kisauni na kukipa kijiji chao jina la bwana mkubwa. Hadithi ya jina inaishia hapo. Na bwana huyo huyo, mwaka 1879, ndiye aliyewapelekea Wazulu vita kule kusini. Mwenye kutafuta uhuru kwenye jina hili ana kazi.

Jina ningelisamehe. Kinachonikera ni lile neno "alipowafungua", kana kwamba pingu zilianguka, watu wakajipangusa vumbi wakaenda zao.

Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko. Kumiliki mtumwa haukukataza. Unguja na Pemba utumwa ulifutwa kisheria 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya ni 1907. Piga hesabu: tangu misheni ianze, miaka 32. Sasa nenda kasimame ukingoni, uangalie ng'ambo. Ule ni Mji wa Kale, karibu kiasi kwamba nguo iliyoanikwa roshani unaiona. Mwenye watumwa akikaa barazani alikuwa anaitazama misheni, na misheni inamtazama yeye, kwa miaka yote hiyo.

Kwa hiyo palikuwa na watu wa aina mbili, na hapa ndipo kila mtu anaporuka. Kuna mateka waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza: Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wa kusini ambao kwao hawangeweza kurudi hata wangetaka. Hawa walikuwa huru kisheria. Halafu kuna watoro, waliokimbia mashamba ya hapa hapa. Mtoro hakuwa na sheria ya kumlinda, na misheni ikimficha ilikuwa inaficha mali ya mtu. Wengi walikwenda kujichanganya Rabai, kituo kingine cha CMS huko bara ya Mombasa. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town kwa sababu hiyo. Mgogoro ulipozwa tarehe 1 Januari 1889, pale George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo, alipogawa hati za uhuru Rabai kwa watoro zaidi ya 1,400. Fidia ililipwa, ndiyo. Walilipwa mabwana.

Tuje kwenye kengele. Kwanza, si ya mnada wa watumwa, kama wengine wasemavyo. Soko la watumwa halikuwahi kuwa hapo, tafadhali tuliache. Pili, ile ya kwamba ililia kuonya jahazi la watumwa linapokaribia: nimeisimulia mara nyingi, wageni huipenda, lakini siku hizi naisimulia nusunusu. Mwenye jahazi la magendo alikuwa akikimbia manowari. Aje mlangoni pa misheni kutafuta nini? Hatari ya kweli ilikuwa ng'ambo pale, kwa majirani. Kama ililia kwa hofu, naona ilimlilia mwenye mtoro aliyekuja kudai chake.

Siku nyingi ililia kwa jambo dogo zaidi: amkeni, nendeni kazini, njooni kanisani. Mtu aliyetolewa jahazini alipewa kiwanja, kibanda, jina la Kikristo na saa. Kuhama kwa hiari yako halikuwa jambo jepesi. J. R. Streeter, msimamizi wa kijiji mwishoni mwa miaka ya 1870, aliwachapa watu viboko hadi Kirk akaja kuchunguza mwaka 1881, na Streeter akaondolewa. Viboko, kwa watu waliotolewa utumwani! Hili sijawahi kulikuta kwenye kibao cha watalii.

Na nani aliyewafundisha hao mateka Kiswahili cha kanisani, useremala, kusoma? Waafrika waliotangulia kutekwa, wakalelewa Nasik kule India: Wabombay. William Jones na George David walifika Rabai 1864, kabla Frere Town haijakuwapo. Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi 1885 na Askofu Hannington. Miezi michache baadaye Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Hannington utamkuta kila kitabu cha kanisa. Jones, umtafute kwa tochi.

Najua mtanirushia kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, cha 1934. Nakipenda, na kinanisumbua. Kinamshukuru Mwingereza mno. Zamani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi ni kasumba tupu. Sasa sina hakika. Baba yake Mbotela alitolewa majini na manowari, na mimi babangu hajawahi kufungwa ndani ya jahazi. Nimfundishe nani kushukuru?

Mzee mmoja wa mtaa huu aliniomba nimsindikize ofisi fulani kumtafutia mjukuu kitambulisho. Karani, bila kuinua macho: "Kabila?" Mzee akasema, "Andika Frere Town." Karani akacheka, akasema hiyo ni steji ya matatu. Mzee akaanza upya, pole pole: babu Myao, nyanya Mnyasa, wote walishushwa Kisauni na manowari. Karani akatazama orodha yake, hakuna pa kutia. Tukaambiwa turudi Jumatatu, tuje na chifu.

Tulirudi. Chifu alichelewa saa mbili, mzee akanunua mahamri ya wote waliokuwa kwenye foleni.