Homoni za Jinsia Zinaufanya Nini Ubongo?

Homoni huanza lini kuugusa ubongo?

Mapema kuliko wengi tunavyodhani. Karibu na wiki ya 8 ya ujauzito, korodani za kijusi wa kiume huanza kutoa testosteroni, mojawapo ya homoni za jinsia, nayo hufika na damu kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani waliwapa testosteroni simbilisi wenye mimba. Watoto wa kike waliozaliwa, walipokua, hawakuitikia homoni za kike kama majike wenzao. Wengine walipanda kama madume. Ndipo ikaeleweka kwamba homoni zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuujenga ubongo ungali mchanga, na athari hiyo hudumu. Ya pili ni kuuamsha ubongo uliokwisha kujengwa, kuanzia balehe, na hiyo huja na kuondoka.

Kwa hiyo testosteroni ni ya kiume na estrojeni ni ya kike?

Hapana, na majina hayo yametupotosha sana. Wanaume na wanawake wanazo zote mbili, ila kwa viwango tofauti. Tena ubongoni kuna kimeng'enya, aromatesi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Kwa panya, estrojeni hiyo ndiyo hasa inayoufanya ubongo wa dume uwe wa dume! Kwa binadamu, testosteroni yenyewe inaonekana kuwa na nguvu zaidi.

Je, kuna ubongo wa kiume na ubongo wa kike?

Ubongo wa mwanamume ni mkubwa zaidi kwa wastani wa takriban asilimia 10, lakini hilo halimpi akili zaidi. Mwaka 2015 mtafiti wa ubongo Daphna Joel na wenzake walichunguza picha za bongo zaidi ya 1,400. Wengi walikuwa na mchanganyiko: sehemu hii inafanana na za wanawake wengi, ile na za wanaume wengi.

Mbona hisia zangu huvurugika kabla ya hedhi? Naambiwa najiendekeza.

Hujiendekezi. Siku hizo homoni za estrojeni na projesteroni hushuka, na mshuko huo hugusa kemikali za ubongo kama serotonini. Wapo ambao ubongo wao huusikia mshuko huo kwa ukali hata kama vipimo vya homoni ni vya kawaida. Ukiona kila mwezi unashindwa kazi, unagombana na kila mtu, au unawaza kujidhuru, mwone daktari. Andika tarehe za dalili kwa miezi miwili uende nazo, ila kama unawaza kujidhuru usisubiri: nenda leo.